Kuurudishia Mto Nafasi, Mwendo na Njia: Uhuishaji wa Vijito na Ardhioevu kutoka Ogwedhi hadi Ziwa Viktoria

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii hutumiwa kumliwaza mtu aliyepotewa na kitu kisichoweza kurudi. Hata hivyo, ipo hali moja ambapo hatuna budi kuisaili upya, nayo ni hali ya mito yetu. Je, kijito kilicholimwa hadi ukingoni, kinamasi kilichokaushwa kwa mitaro na mto uliozibwa kwa ukuta wa zege vinaweza kurudishiwa uhai? Na iwapo vinaweza, ni kitu gani hasa kinachorudishwa?

Makala haya yananuia kuyajibu maswali hayo kwa kuutazama mfumo mmoja wa mito ya Nyanza Kusini, tangu vijito vya Ogwedhi hadi kwenye Ziwa Viktoria. Ogwedhi ni soko lililoko mashariki mwa Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Narok. Ni mahali ambapo mkulima Mjaluo na mfugaji Mmaasai hukutana siku ya soko, pamoja na majirani zao Wakuria na Abagusii. Yamkini msomaji atajiuliza jarida la Kiswahili linatafuta nini matopeni. Jibu kamili litajitokeza mbele, lakini itoshe kudokeza hapa kwamba sheria zinazomhusu mkulima wa ukingoni zimeandikwa kwa lugha asiyoitumia sokoni, ilhali lugha anayoitumia sokoni bado haijaafikiana hata juu ya jina la kinamasi chake.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba kuhuisha mto si suala la kupanda miti peke yake. Mto hudai vitu vitatu: nafasi ya kutanuka, mwendo wa maji unaofuata majira, na njia ya viumbe kupanda na kushuka. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havifui dafu.

Mto Kuja na jamaa zake

Jina Kuja lisimpotoshe msomaji akadhani ni kitenzi cha Kiswahili. Ni jina ambalo Wajaluo huuita mto uleule ambao Abagusii huuita Gucha. Mto huu huanzia katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ukateremka kuelekea kusini-magharibi. Mto Migori, kwa upande wake, hupata maji yake kutoka nyanda za Trans Mara katika Kaunti ya Narok. Mito hii miwili hukutana katika nyanda za chini za Nyatike na kuingia ziwani kwa pamoja, ikipitia katika delta yenye matete na mafunjo. Kaskazini yake, katika Kaunti ya Homa Bay, iko mito mifupi zaidi kama vile Awach Tende na Awach Kibuon, ambayo humiminikia Ghuba ya Winam.

Kati ya milima inakonyesha mvua na ziwa linalopokea maji hayo, umbali si mkubwa. Mvua inayonyesha Kisii leo inaweza kuwa mafuriko Nyatike muda si mrefu baadaye. Kinachoamua iwapo maji hayo yatafika kwa kishindo au kwa utaratibu ni ardhi yanayopitia, hususan ardhioevu.

Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971 na ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1990, unaipa ardhioevu maana pana: ni kila eneo lililofunikwa au kulowa maji, yawe ya kudumu au ya msimu, yanayotiririka au yaliyotuama, matamu au ya chumvi. Kwa maana hiyo, si vinamasi vikubwa tu vinavyohusika. Hata bonde dogo la nyuma ya shamba, ambalo hulowa Aprili na kukauka Januari, limo katika fasili hii.

Kazi ya ardhioevu yaweza kulinganishwa na ya sifongo. Wakati wa masika huyanywa maji. Wakati wa kiangazi huyaachilia kidogo kidogo, na hiyo ndiyo sababu kijito kinaendelea kutiririka ingawa mvua imekoma. Aidha, mafunjo, mmea ambao Wajaluo huuita togo, hupunguza kasi ya maji. Yanapopungua kasi, mchanga na udongo yaliyoubeba hutua chini. Mizizi ya mafunjo nayo hufyonza naitrojeni na fosforasi inayotoka mashambani. Virutubisho hivyo vikifika ziwani kwa wingi huzilisha mwani na gugumaji, mimea ambayo imewasumbua wavuvi wa Ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990.

Binadamu ameyategemea mazingira haya kwa muda mrefu mno. Mwaka 1983 mwanaakiolojia Peter Robertshaw alichimbua mahali paitwapo Gogo, kwenye maporomoko ya Mto Kuja. Yalipatikana mabaki ya watu wa kale waliovua samaki, waliowinda wanyama pori na ambao, katika vipindi vya baadaye, walifuga. Maporomoko hayohayo ya Gogo ndiyo yaliyojengewa bwawa la umeme katika karne ya ishirini. Hivyo basi, mahali pamoja panabeba historia ya wategemezi wa mto pamoja na ya wale walioufunga.

Jinsi uharibifu ulivyotokea

Uharibifu wa mito hii haukutokana na kisa kimoja, wala hauwezi kubebeshwa mtu mmoja. Ulikuja kwa njia tatu zilizofuatana na kusaidiana.

Njia ya kwanza ni kilimo cha biashara. Katika muongo wa 1970 kilimo cha tumbaku cha mkataba kilienea Nyanza Kusini. Tumbaku inahusiana na mto kwa namna ambayo si kila mtu huitambua. Vitalu vya miche yake hutengenezwa kando ya vijito kwa sababu miche huhitaji kunyweshwa kila mara, na dawa za kuulia wadudu hunyunyizwa papo hapo ukingoni. Baada ya mavuno, majani hukaushwa kwa moto wa kuni, na kuni hizo hutoka katika miti iliyokuwa ikiushika udongo wa vilima. Muongo huohuo ndio uliokiona kiwanda cha sukari cha SONY kikianzishwa Awendo, mwaka 1976, na mashamba ya miwa yakitanuka mabondeni. Katika vijito vingi palipandwa pia mikaratusi, kwa kuwa hukua haraka na nguzo zake zina soko. Sifa hiyohiyo ya kukua haraka ndiyo iliyoufanya uwe mnywaji hodari wa maji.

Njia ya pili ni ukaushaji wa vinamasi. Mfano ulio bayana zaidi hauko Migori, bali kaskazini zaidi katika Kinamasi cha Yala, kilichoko Siaya na Busia. Kinamasi hicho kina ukubwa wa takribani hekta 17,500. Katika miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hekta zipatazo 2,300 zilikaushwa kwa mitaro na tuta ili zilimwe. Mwaka 2003 kampuni ya Dominion Farms kutoka Marekani iliingia huko kulima mpunga, ikaondoka mwaka 2017. Mradi baada ya mradi ulikuja na kuondoka. Mabadiliko ya njia ya maji yalibaki. Hata hivyo, Ziwa Kanyaboli, lililomo ndani ya kinamasi hicho, limeendelea kumhifadhi ngege wa asili ambaye ametoweka kabisa, au karibu kabisa, katika ziwa kuu. Sehemu iliyoachwa oevu imegeuka ghala la viumbe ambao kwingineko wamekwisha.

Njia ya tatu ni mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 bwawa la Gogo lilijengwa kwenye Mto Kuja ili kuupa umeme mgodi wa Macalder, uliochimbwa shaba na dhahabu. Mgodi ulifungwa mwaka 1966, lakini bwawa likaendelea kuzalisha umeme, megawati 2, ambao baadaye uliingizwa katika gridi ya taifa. Bwawa limeishi kuliko mgodi uliolizaa. Baada ya muda, hata hivyo, mashapo yaliyoteremshwa kutoka mashamba ya juu yamelijaza kwa kiasi kikubwa. Hapa njia ya kwanza na ya tatu zinakutana: udongo uliopotea shambani ndio uliokula nafasi ya maji bwawani. Mkulima amepoteza rutuba na mzalishaji umeme amepoteza maji, na wote wawili wamepoteza kwa sababu moja.

Ningu: shahidi wa mto

Iwapo tungetaka shahidi mmoja wa kueleza yaliyoupata mto, tungemwita ningu. Huyu ni samaki wa asili wa Ziwa Viktoria ambaye huishi ziwani lakini hutaga mayai mitoni. Mvua kubwa inaponyesha na maji ya mto kugeuka rangi, ningu huisikia harufu ya mafuriko, huuacha upana wa ziwa na kupanda mkondo kwa makundi. Hutaga katika nyasi za kingoni zilizofunikwa na mafuriko. Vifaranga huanguliwa baada ya muda mfupi, hukua kidogo katika maji hayo yaliyotulia, kisha huteremka ziwani maji yanapopungua.

Mpangilio huu uliwalisha watu wa kando ya mito kwa vizazi. Mwaka 1959 mtaalamu wa samaki P.J.P. Whitehead alichapisha maelezo ya uvuvi wa mito ya Nyanza, zikiwemo nyua za fito na mitego ya kusuka iliyotegwa mkondoni. Mitego hiyo ilikuwa na mianya, na mafuriko makubwa yaliipita. Kwa hivyo sehemu ya samaki ilifaulu kupanda kila msimu. Mambo yalibadilika nyavu za makila, na hasa nyavu za nailoni katika miaka ya 1950, zilipotandazwa kwenye milango ya mito wakati uleule ningu alipokuwa akipanda na mayai tumboni. Kufikia mwaka 1965, mtafiti Cadwalladr alikuwa akiandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu na jinsi mbinu za jadi za Mto Nzoia zilivyokuwa zikififia pamoja naye. Lugha nayo ilipoteza, kwani mtego unapoacha kusukwa, majina ya sehemu zake huacha kutajwa.

Nyavu zilianzisha balaa, lakini si nyavu peke yake zilizoliendeleza. Hata nyavu zote zikiondolewa leo, ningu atakayefika kwenye kijito kilicholimwa hadi majini hatazikuta nyasi za kutagia. Atakuta tope linaloyafunika mayai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti nchini Uganda walifaulu kumtagisha ningu katika matangi. Ni hatua ya kupongezwa, lakini kifaranga wa tangini akipelekwa katika mto usio na kingo ni sawa na mgeni aliyealikwa kwenye nyumba isiyo na paa.

Nafasi: kuacha mto utanuke

Hatua ya kwanza ya uhuishaji ni kuurudishia mto ardhi yake. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu ardhioevu na kingo za mito ziliweka eneo la hifadhi la mita zisizopungua 6 na zisizozidi 30 kila upande, kuanzia alama ya juu kabisa ya mafuriko. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito. Watu wengi hupima kutoka yalipo maji wakati wa kiangazi, wakadhani wameitii sheria, kumbe shamba lote limo ndani ya kitanda cha mafuriko.

Mwaka huohuo wa 2009, Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na mito na vinamasi ing'olewe. Amri hiyo ilikuwa na msingi wa kisayansi, lakini pia ilionyesha ugumu wa kazi yenyewe: mti unaoamriwa kung'olewa ndio karo ya mtoto wa mtu. Kwa sababu hiyo, njia iliyo na mashiko zaidi ni ile inayotoa mbadala. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Maseno, chini ya uongozi wa Jacob Kibwage na kwa ufadhili wa shirika la IDRC la Kanada, kilianzisha mradi wa kuwawezesha wakulima wa tumbaku kupanda mianzi katika zilizokuwa wilaya za Kuria, Migori, Homa Bay na Suba. Mianzi hushika udongo kwa mizizi yake mingi, hukatwa bila kung'olewa, na hutoa fito za kuuza. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mianzi iliyoletwa kutoka nje haiwezi kuchukua mahali pa mikuyu, matete na mafunjo pale penye maji. Mahali pake ni mteremkoni. Ukingoni ni pa mimea ya asili.

Mwendo: kuzuia maji yasikimbie

Ukingo ukishaachwa wazi, maji yenyewe yanahitaji kurudishiwa mwendo wake. Katika kinamasi kilichokaushwa, kazi hii huanza kwa kitendo rahisi kinachoshangaza wengi: kuziba mitaro. Mtaro uliochimbwa miaka hamsini iliyopita huendelea kukausha hata baada ya aliyeuchimba kufa. Huzibwa kwa udongo, mawe au fito mahali kadhaa, kuanzia juu kuelekea chini, ili maji yatue badala ya kuporomoka. Mara nyingi mafunjo hurudi yenyewe kutoka vishina vilivyobaki. Kwenye makorongo ya vilimani, vizuizi vidogo vya mawe hufanya kazi hiyohiyo ya kuyatuliza maji na kukamata udongo.

Ukame wa kinamasi huacha madhara ambayo hayaonekani mara moja. Bonde la Hula nchini Israeli, lililokuwa na mafunjo kama yetu, lilikaushwa katika miaka ya 1950. Udongo wake mweusi, uliokuwa umeundwa na mimea iliyooza majini kwa karne nyingi, ulipokauka ulididimia, ukashika moto na kupeperushwa na upepo, huku virutubisho vyake vikielekea katika Ziwa la Galilaya. Mwaka 1994 sehemu ya bonde hilo ilirudishiwa maji. Haikurudi kuwa kama ilivyokuwa awali, lakini ndege wahamao walirudi kwa maelfu.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Kinamasi hicho hulilisha Ziwa Burera, ambalo maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Kilipokaushwa na kulimwa, kina cha ziwa kilishuka, na kufikia mwaka 2004 nchi ilikumbwa na uhaba mkubwa wa umeme. Serikali ilisimamisha kilimo ndani ya kinamasi, mimea ikapandwa kwenye kingo na miteremko, na kiwango cha maji kikapanda tena. Mwaka 2005 Rugezi iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka 2010 kazi hiyo ikatuzwa kimataifa. Somo kwa Mto Kuja ni wazi: mwenye bwawa na mwenye kinamasi si mahasimu. Bwawa la Gogo litaendelea kujaa matope maadamu vijito vya juu havina mimea. Pesa zinazotumika kuhuisha vijito ni sehemu ya gharama ya kuzalisha umeme.

Wakati wa kiangazi, mwendo wa maji una adui mwingine, yaani kuyachota kupita kiasi. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliingiza dhana muhimu ya akiba: kiasi cha maji ambacho hakiruhusiwi kugawiwa mtu yeyote kwa biashara kwa kuwa ni cha mahitaji ya msingi ya binadamu na ya uhai wa mto wenyewe. Kanuni za mwaka 2007 zilifafanua kwamba akiba hiyo isipungue kiasi ambacho mto hukizidi kwa asilimia 95 ya wakati. Miradi ya umwagiliaji kama Kimira-Oluch huko Homa Bay na ule wa Kuja ya chini huko Nyatike ina manufaa kwa chakula cha watu. Hata hivyo, mfereji wa umwagiliaji usioiacha akiba hugeuka mtaro wa kukaushia, ingawa umechimbwa kwa nia njema.

Njia: kumfungulia ningu mlango

Tukishaurudishia mto nafasi na mwendo, linabaki swali la njia. Duniani kote mabwawa yaliyochakaa yameanza kutazamwa upya. Katika Mto Elwha nchini Marekani, mabwawa mawili yaliyozidi miaka 80 yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, na samaki wakaanza kupanda mahali ambapo hawakuwa wamefika tangu ujenzi. Si lazima kila bwawa libomolewe. Pale linapohitajika, yawezekana kujenga ngazi ya samaki, yaani vidimbwi vinavyopandiana kando ya ukuta, au kuachilia maji kwa wingi katika siku ambazo mvua imewachochea samaki kupanda. Katika Gogo palikuwa na maporomoko hata kabla ya ukuta, hivyo uamuzi wowote sharti uanze kwa kuchunguza ni samaki wepi waliopita hapo zamani.

Katika vijito vidogo vizuizi si kuta za zege tu. Kalavati lililowekwa juu mno hugeuka poromoko ambalo ningu hawezi kuliruka. Nyavu zilizozinga mlango wa mto nazo hufanya kazi ileile ya ukuta. Kuzuia uvuvi milangoni katika majuma ya kupanda kwa samaki hakuhitaji saruji wala mhandisi. Kunahitaji makubaliano.

Nani atalipa?

Hapa ndipo penye uchungu wa suala lenyewe. Anayetakiwa kuacha mita 6 ni mkulima wa juu. Anayeepushwa na mafuriko ni mkazi wa Nyatike. Mwenye shamba la ekari moja kando ya kijito akiacha ukingo, anaacha sukumawiki na mahindi ambayo ndiyo hasa humvusha kiangazi, kwa kuwa ardhi nyingine yote imekauka. Kumwita mharibifu wa mazingira ni kumwonea. Alilima bondeni kwa sababu za msingi, na atatoka huko kwa sababu za msingi pia.

Kwa upande mwingine, mkazi wa chini naye ana haki. Ziwa Viktoria lilipanda mno mwaka 2020 na tena mwaka 2024, likafikia viwango vilivyoshindana na vile vya mwaka 1964. Ziwa linapojaa, mto unaoteremka kwa kasi hukosa pa kuyatua maji yake, na nyumba za nyanda za chini ndizo hulipa.

Njia mojawapo ya kuwapatanisha wawili hawa ilijaribiwa katika bonde la Naivasha. Wakulima wa sehemu za juu za Mto Malewa waliokubali kuacha kingo na kupanda nyasi miteremkoni walipewa vocha za pembejeo zilizogharamiwa na watumiaji wa maji wa chini kupitia chama chao. Vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji vinatambuliwa na sheria ya 2002 na ile ya 2016 iliyoifuata. Kwa hiyo chombo cha kufanyia kazi kipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mazungumzo ya kweli ndani yake, na mazungumzo hayafanyiki bila lugha.

Lugha ya mto

Turejee basi katika swali la jarida hili. Katika Kiingereza cha utawala wa kikoloni na cha wahandisi waliofuata, kukausha kinamasi kuliitwa kuikomboa ardhi. Neno hilo lilibeba hukumu: kwamba maji ni mtekaji na ardhi ni mateka. Leo wataalamu wanatumia neno jingine la kurejesha kwa kuyarudisha maji yaleyale yaliyofukuzwa. Mzee aliyeona kinamasi chake kikikombolewa katika ujana wake, na leo anaambiwa kinarejeshwa, ana haki ya kuuliza kinarejeshwa kwa nani.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Neno bwawa humaanisha mahali penye maji yaliyotuama kiasili, na pia humaanisha maji yaliyofungwa kwa ukuta. Ukisema mkutanoni kwamba bwawa lilindwe, nusu ya wasikilizaji watafikiria mafunjo na nusu watafikiria zege. Napendekeza tutumie bwawa kwa lile lililojengwa, lambo kwa shimo la maji lililochimbwa shambani, kinamasi kwa mahali penye mafunjo na tope la kudumu, na ardhioevu kwa dhana ya jumla. Neno chepechepe, linalosikika katika vyombo vya habari vya Kenya, lafaa kwa mabonde ya msimu ambayo watu hukataa kuyaita vinamasi kwa kuwa hukauka. Kwa kazi yenyewe, napendelea kuhuisha kuliko kurejesha. Kurejesha kunaahidi kile kilichokuwepo; kuhuisha kunaahidi uhai tu, na kama Hula inavyothibitisha, hiyo ndiyo ahadi tunayoweza kuitimiza.

Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kanuni za kingo za mito, hata hivyo, ziliandikwa kwa Kiingereza. Katika soko kama la Ogwedhi, Mjaluo na Mmaasai wakikosana juu ya mahali pa kunyweshea ng'ombe, hawabishani kwa Kiingereza. Kanuni za chama chao, ramani ya kijito chao na alama ya mafuriko vinastahili kuandikwa kwa lugha watakayogombania na kupatania. Hii ni kazi ambayo mhandisi hawezi kuifanya. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza. Na akienda huko asiende na istilahi tu. Aende pia kuchukua, kwa kuwa majina ya samaki, mitego na mimea ya mtoni yamo katika Kijaluo, Kikuria, Ekegusii na Kimaasai, na mengi yangali yakitumika.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba vijito na ardhioevu zilizoharibiwa kwa kilimo na mabwawa zinaweza kuhuishwa, mradi zirudishiwe nafasi, mwendo na njia kwa pamoja. Yameonyesha pia kuwa gharama za kazi hiyo humwangukia mkulima wa juu, na kwamba haki inadai wanaonufaika washiriki kulipa. Ni kweli kwamba maji yaliyomwagika hayazoleki. Lakini kijito si maji yaliyomwagika. Ni maji yanayokuja tena kila masika. Tunachotakiwa kufanya ni kuyaandalia mahali kabla hayajafika, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.